Kwa nini mabondia wanaing'ang'ania Hajime no Ippo? Na kipi humo ndani ni cha kuiga?

MtaaMajengo (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu.

Klabu yetu ya ngumi hapa Majengo ina TV na flashi, na Jumamosi jioni baada ya mazoezi vijana huwekewa kitu cha kuangalia. Pambano la Mwakinyo na Eggington kule Birmingham, 2018, wamelirudia mpaka wanajua kila konde linatoka upande gani. Sasa kuna chalii kaleta Hajime no Ippo, anime ya ngumi ya Kijapani. Tangu iwekwe, hakuna anayeondoka kwa wakati. Hata waliokuwa wanasema katuni ni za watoto wamevuta mabenchi mbele.

Nina maswali matatu. Nini hasa kinawakamata: wahusika, uhalisia wa ngumi, au vichekesho? Kocha naye anauliza kipi mle ndani kijana anaweza kuiga na kipi kitamuumiza. Na la mwisho, flashi yenyewe mafaili yamechanganyikana, tuanzie wapi?

Naomba wanaoijua kwa undani. "Mi naipenda tu" haitusaidii. Nawasilisha.

---

GadiJuu (Ngarenaro, Arusha)

Mkuu, naanza na la pili kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la kwanza.

Kila mbinu mle ndani ina sababu na ina bei. Makunouchi Ippo, shujaa wa hadithi, ni mfupi, mikono mifupi, anapigana uzito wa unyoya ambao mwisho wake ni pauni 126, yaani kilo 57.15. Bondia mfupi akipangiwa mrefu, kuna eneo katikati yao ambapo mwenzake anamfikia na yeye hafiki. Akisimama hapo anakula jabu (ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele) bure. Karibu kila anachofundishwa Ippo kinahusu namna ya kulivuka eneo hilo bila kuzimwa njiani: glovu mbili mashavuni, viwiko vimebana mbavu, kichwa hakitulii. Mtindo huo ni wa Cus D'Amato, aliyewafundisha Floyd Patterson na Mike Tyson. Bondia anayeangalia anaona tatizo lake mwenyewe linafanyiwa kazi hatua kwa hatua, ndiyo maana habanduki.

Nguvu zake nazo hazikushuka kutoka mbinguni. Mama yake ana biashara ya boti ya kuvulia samaki, na kijana amekua anabeba makasha mazito juu ya chombo kinachoyumba. Kijana anayepandisha magunia soko la Mbuyuni tangu ana miaka 15 atakuelewa hapo bila maelezo: mgongo, nyonga na miguu vimeshakaa tayari kabla hajavaa glovu.

Sasa zoezi la majani. Takamura, kaka mkubwa wa klabu yake, anampa wiki moja: mti unatikiswa, majani yanaanguka, Ippo ayadake kumi kwa jabu. Watu wanaona mbwembwe, kumbe ni zoezi zuri na halina gharama. Simama chini ya mgrevilea au mparachichi, mwenzako atikise tawi. Jani kavu likianguka linasukumwa na upepo wa mkono wako wenyewe. Ukirusha mkono mzito, bega limekaza, hewa inatangulia na jani linakwepa. Ukirusha mkono mlegevu ulionyooka kutoka kidevuni, unafika kabla jani halijahama. Vidole vinafunga mwishoni tu, na ndivyo ngumi inavyotakiwa: imelegea njiani, imekaza inapotua.

Namna ya kulifanya: mguu wa kushoto mbele, kisigino cha kulia kimenyanyuka kidogo, raundi tatu za dakika mbili. Msianze na majani kumi, anzeni na matatu mfululizo. Jani la mwembe ni zito, linashuka karibu wima, kwa hiyo ni la wanaoanza. La mgrevilea limechanikachanika na jepesi, hilo linahangaisha.

Makosa matatu mtayaona siku hiyohiyo. Kiwiko kinatoka nje kama bawa, mkono unazunguka badala ya kunyooka. Mkono wa kulia unashuka kwa sababu akili yote iko kwenye jani. Na kubwa kuliko yote, mkono wa kushoto ukishadaka unarudi kwa chini, usawa wa tumbo. Jani halina ngumi ya kulia ya kukujibu, mpinzani anayo. Kocha asimame pembeni na pedi, kila mkono unaporudi chini amguse kijana shavuni. Baada ya raundi mbili hashushi tena.

Kuhusu Dempsey Roll, ambayo najua ndiyo vijana wanaiiga tayari. Jina linatokana na Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Julai 4, 1919, pale Toledo, alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, na Willard alimzidi kimo na uzito kwa mbali. Kiwiliwili kinachora namba nane iliyolala, uzito unahama mguu hadi mguu, na kila unapofika upande mmoja ngumi ya pembeni inatoka na uzito huo. Hadi hapo ni ngumi halali kabisa, na kuhamisha uzito kwa mtindo huo kufundisheni.

Lakini angalieni anime inavyoitendea mbinu hiyo. Inaanza kama silaha isiyozuilika, halafu wapinzani wanasoma mdundo wake. Kushoto, kulia, kushoto, kulia: ukishajua kichwa kitatokea wapi, unatanguliza konde hapo na yeye mwenyewe analikimbilia. Ryuhei Sawamura anafanya hivyo. Ippo anajibu kwa kujifunza kusimama ghafla katikati ya mzunguko ili mdundo uvunjike, na bei yake ni mwili wake mwenyewe, maana kasi yote ile inazuiwa na miguu. Anime ngapi zinachukua silaha ya shujaa wake na kukuonyesha tobo lake hivyo?

---

BintiMeru (Sakina, Arusha)

Kaka GadiJuu kamaliza upande wa mbinu, mimi niende kwa watu.

Wapinzani wa Ippo hawaletwi ili wapigwe. Wakati kengele inagonga unajua nani anamsubiri nyumbani. Takeshi Sendo wa Osaka amelelewa na bibi yake mwenye kaduka ka peremende, na watoto wa mtaa ndio mashabiki wake wa kwanza. Vorg ametoka Urusi kupigania pesa kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Eiji Date alishapigwa na Ricardo Martinez, bingwa wa dunia, akaacha ngumi, akaajiriwa ofisini, kisha akarudi na umri umekwenda kwa ajili ya mtu yuleyule. Date ndiye wa kwanza kumshinda Ippo, na ukimaliza pambano lile huna hasira naye hata kidogo. Nani anatazama hadithi ya michezo halafu anaridhika shujaa kapoteza?

Mfano mkubwa kwangu ni Ryo Mashiba. Mrefu, mikono mirefu, mkono wa kushoto unaning'inia kiunoni na jabu inachapwa kutoka chini kama mjeledi, nje ya mstari wa macho. Katika nusu fainali ya chipukizi anamkanyaga Ichiro Miyata mguu, refa haoni, Miyata hawezi kurudi nyuma na pambano linageuka. Unamchukia. Halafu unapelekwa nyumbani kwake: wazazi hawapo, anamlea dada yake Kumi peke yake, na kila anayemtazama anamwona jambazi kwa sababu ya sura. Anime haimsafishi. Faulo inabaki faulo. Ila kuanzia hapo huwezi kumtazama kama jini la kwenye hadithi, na Ippo naye anampenda Kumi, kwa hiyo hakuna ngumi kati ya hao wawili iliyo rahisi.

Na Miyata mwenyewe, mshindani wa Ippo tangu mwanzo. Yeye ni wa kaunta: anasubiri ngumi yako ije, anaikwepa kwa nchi moja, yake inaingia juu ya mkono wako. Pambano lao la pili la mazoezi pale klabuni linaamuliwa na ngumi ya chini kwenda juu iliyogusa tu ncha ya kidevu. Miyata kichwani anajiona mzima, miguu inakataa. Aliyechora hapo anajua ngumi. Kidevu kikiguswa pembeni kichwa kinazunguka ghafla, na ubongo unatikisika bila hata maumivu makubwa usoni.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitaji ni klabu yenyewe ya Ippo. Aoki na Kimura hawatakuwa mabingwa wa dunia na wanalijua hilo. Aoki anapika rameni, Kimura anasaidia duka la maua la wazazi wake, jioni wanakuja mazoezini. Klabu zetu zimejaa watu wa hivyo, mchana boda, usiku begi. Vijana wenu wanajiona kwa Aoki kuliko kwa Takamura, hata kama fulana watachora Takamura.

---

KonaBluu

Nyote mmesifia. Mimi nimesimamia kona na meza ya majaji muda mrefu, acheni niweke chumvi.

Mapigo wanayokula wale vijana hayapo. Bondia anaanguka, anaamka, anaanguka, anaamka, anapigwa makonde kumi safi ya kichwa halafu anashinda. Refa mwenye akili anasimamisha mapema sana, na daktari asingempa nafasi. Raundi ni sekunde 180, lakini mle ndani inaweza kujaza sehemu nzima kwa sababu kila konde lina hotuba yake. Kama masimulizi sawa, ila kijana asidhani ulingoni kuna muda wa kukumbuka mama yake.

Ippo anavunja mapigo ya Mashiba na mkono wake wa kulia unaumia, kwa kuwa Mashiba alikuwa anazikinga ngumi kwa kiwiko. Hilo ni kweli kabisa: kiwiko ni mfupa mgumu, kiganja ni mifupa midogo mingi. Kisha anaingia fainali ya chipukizi wa Japani nzima dhidi ya Sendo mkono haujapona vizuri. Hapo kocha wenu asimamishe TV aseme waziwazi kuwa hilo haliigwi. Kiganja kilichopata ufa kikipigwa tena kinaweza kuunga vibaya, na bondia akakosa mkono wa kulia maisha yake yote. Bendeji ya mita 4 na nusu, ifungwe kifundo kwanza, kisha katikati ya vidole, kisha fundo za vidole. Mnaofunga kiganja tu na kuacha kifundo kinacheza mnajitafutia wenyewe.

Linalonikera zaidi ni kupunguza uzito. Takamura ana mwili wa uzito wa juu na anajikausha hadi pauni 154, kilo 69.85, ili apigane na bingwa wa dunia, Bryan Hawk. Anime ni mkweli kiasi, maana pumzi inamwishia mapema na unaona kabisa ni kwa ajili ya njaa. Lakini inamchora kama shujaa wa kufunga, na kijana wa miaka 17 anachukua ushujaa anaacha pumzi. Wapo wanaokimbia saa 8 mchana na makoti ya nailoni. Huko kwenu Moshi ni chini ya mita 1,000, joto si la Arusha, mtu anaanguka barabarani. Upungufu wa maji wa asilimia mbili tu ya uzito unatosha kushusha uwezo wa mwili. Kwa mtu wa kilo 57 hiyo ni kilo 1 na gramu 140. Akizidisha, moyo unakwenda mbio, jasho linakatika, na kichwa kinachopigwa siku inayofuata kinakuwa na kinga ndogo. Kijana ashushe nusu kilo kwa wiki, kwa kupunguza chumvi na wanga wa usiku. Akishindwa kufika, apande daraja.

Na akizimwa mazoezini, kanuni za ngumi za ridhaa zinataka siku 30 kwa uchache bila kupigwa kichwani. Sio "amka twende raundi nyingine" kama kwa Kamogawa, kocha wa Ippo.

---

MtaaMajengo

Shikamoo mzee KonaBluu. Hilo la makoti ya nailoni limetugusa, tunao wawili. Nitamsomea kocha kama lilivyo.

Vichekesho hamjavigusa. Ndivyo vinavyowaangusha vijana chini, na mimi sielewi vinakaaje pamoja na damu yote ile.

---

Mpasua_Mbavu (Moshi)

Marahaba nimpokelee mzee, yeye kalala.

Vinakaa pamoja kwa sababu mizaha mizuri mle ndani inatoka kwenye ngumi zenyewe. Mchukue Aoki. Ana ngumi ya chura: anachuchumaa mpaka chini kabisa halafu anaruka juu na konde. Ujinga mtupu ukiutazama. Lakini bondia amezoea kuangalia usawa wa kifua na mabega. Mtu akizama ghafla chini ya mstari huo, kuna nukta moja humjui yuko wapi. Au ile ya kutazama pembeni: katikati ya pambano Aoki anageuza macho upande, kana kwamba kuna kitu kule. Mpinzani naye anageuka, kwa sababu macho ya binadamu yanafuata macho. Pa! Ukumbi mzima unacheka, na aliyekula konde hacheki. Mzaha na mbinu ni kitu kilekile, ukiondoa kimoja kingine hakipo.

Kimura anabuni ngumi yake kwa kumwangalia samaki anayemfuga. Anampiga Mashiba tumboni, tumboni, mpaka macho ya Mashiba yakazoea kushuka, kisha kulia inapita juu. Wazo limetoka kwenye tangi la samaki, ila kubadilisha usawa wa mashambulizi hufundishwa kila klabu duniani. Unaanza kwa kucheka, unamaliza umekunja ngumi.

Takamura ni aina nyingine. Ni mnyanyasaji, mlafi, hana aibu, anawaonea wadogo zake kutwa nzima. Hadithi inakupa upuuzi wake muda mrefu kwanza, ndipo inakuonyesha anajinyima maji. Yule aliyekuwa anapora chakula cha wenzake sasa anakitazama tu. Bila mizaha ya mwanzo, njaa ile isingekuwa na uzito. Wenzetu wengi wa hadithi za ngumi huweka huzuni juu ya huzuni. Ashita no Joe, anime nyingine ya ngumi ya 1970, ni kazi kubwa, lakini ukiimaliza unataka kukaa peke yako gizani. Hii unaimaliza unataka kwenda kuruka kamba.

Tahadhari mbili za ukumbini. Kuna mizaha ya bafuni na ya maumbile ya wanaume, mingi, na Ippo ndiye anayeandamwa. Kama wadogo wa shule ya msingi huwa wanachungulia dirishani, aliyeshika rimoti aangalie sehemu hiyo kabla. Na kama mna DJ wa kutafsiri, mwambieni anyamaze kwenye kimya. Mizaha ya Aoki inategemea sekunde ile ambayo hakuna anayesema kitu. DJ akiijaza na kelele zake, kicheko kimekufa. Mizaha ya kucheza na maneno ya Kijapani, ile ya familia ya Itagaki, mdogo wa Ippo klabuni, aipite tu, haitafsiriki na hakuna atakayejua imepita.

---

GadiJuu

Mzee KonaBluu nakubali kuhusu uzito na mkono. Kwenye kuanguka na kuamka nitabisha kidogo: Willard niliyemtaja aliangushwa mara saba na bado akarudi kwa raundi ya pili na ya tatu. Kanuni za enzi zile ziliruhusu usimame juu ya mtu anayeinuka. Anime imechukua ukatili wa zamani ikauvisha glovu za kisasa za aunsi 8. Ni uongo wa enzi, ngumi zenyewe zilishawahi kupigwa hivyo.

---

BintiMeru

Mpangilio sasa, kaka MtaaMajengo, ili mafaili yasiwavuruge.

Wa kwanza ni mfululizo wa studio ya Madhouse, 2000 hadi 2002, sehemu 75. Unaishia Ippo akiutwaa mkanda wa Japani kwa kumpiga Sendo katika pambano lao la pili. Baada ya hapo filamu ya TV, Champion Road, 2003, ambayo ndiyo utetezi wake wa kwanza wa mkanda. Kisha ile ya pekee ya Mashiba na Kimura, 2003 pia. Hii mara nyingi faili lake halina namba, ndiyo linaloishia mwanzoni mwa flashi na watu wanaitazama kabla hawajamjua Kimura. Halafu New Challenger, 2009, sehemu 26, yenye Takamura na Hawk. Mwisho Rising, 2013 hadi 2014, sehemu 25, yenye Sawamura. Manga (kitabu cha katuni) ya George Morikawa ambayo anime imetokana nayo ilianza 1989 na imekwenda mbali sana kupita hapo, kwa hiyo anayedai anajua mwisho mwambieni asiropoke ukumbini.

Sehemu moja ni kama dakika 23. Ukiruka wimbo wa kufungulia na wa kufungia inabaki 20, tatu zinajaza saa moja. Kwa mwendo huo mfululizo wa kwanza ni Jumamosi 25. Mkiona ni nyingi, msikate mazoezi mkaacha mapambano. Vijana wakiona Ippo anashinda bila kuona alivyodaka majani, watatoka na Dempsey Roll peke yake na kocha ataanza kuziba pua za watu kwa pamba.

Na wimbo wa kufungulia wa kwanza, Under Star wa Shocking Lemon, msiuruke siku ya kwanza. Ni mzuri kwa kurukia kamba, dakika moja na nusu hivi, nusu raundi.

---

MtaaMajengo

Nimeandika yote kwenye daftari la klabu. Jumamosi hii tunaanza sehemu ya kwanza, na nyuma ya ukumbi tuna mgrevilea mmoja. GadiJuu, kwa mwenye kushoto, anadaka kwa mkono gani?

---

GadiJuu

Wa kulia, mguu wa kulia mbele. Mkono wa mbele ndio wa jabu. Na mwambie mwenye zamu ya kutikisa asisimame chini ya tawi bovu, mgrevilea hukatika bila kutoa taarifa.